Fotei inayofunguka: mwongozo kamili wa kubuni na kuunda samani za kisasa hapa Goma

Goma ina chombo kimoja cha mbao kisicho na pambo lolote, na nusu ya mji inakula kwa ajili yake: chukudu. Itazame siku moja ikiwa imesimama. Kuna ubao wa kubebea mzigo, usukani, magurudumu mawili ya mbao yaliyovikwa mpira wa tairi kuukuu, na kipande cha mpira cha kukanyaga ili kufunga breki. Ondoa kipande kimoja, haiendi. Ongeza kimoja, umeongeza uzito tu. Sidhani kama aliyeiunda kwanza alisomea ubunifu popote, lakini alifika mahali ambapo wabunifu wakubwa wa karne ya 20 walikuwa wakipatafuta.

Sasa ingia katika saloni zetu. Fotei (viti vya saloni vyenye mikono) tano au sita, nene, zimechongwa kila mahali na kujazwa musi (sponji), katika chumba cha mita tatu kwa nne. Watoto hawana pa kupita na mlango unafunguka nusu. Watu wanazipenda, na ninawaelewa, kwa sababu zinamwambia mgeni kwamba mwenye nyumba amesimama kwa miguu yake. Lakini zikishaingia ndani, kuzitoa ni kazi ya wanaume wanne. Na huu ni mji ambao watu wake wanahama. Tarehe 17 Januari 2002 lava ya mlima Nyiragongo ilipita katikati ya mji hadi ziwani. Tarehe 22 Mei 2021 mlima ulilipuka tena, na siku chache baadaye sehemu kubwa ya mji iliamriwa kuondoka, wengi wakaelekea Sake. Mbali na mlima kuna vita, kuna kodi zinazopanda, kuna watoto wanaooa na kuhamia mtaa mwingine.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: fotei ya Goma iwe nyepesi, ifunguke kwa ufunguo mmoja, ipite mlango wowote, na ipandishwe juu ya chukudu bila kuvunjika. Modernizimu, yaani ule ubunifu unaoanzia kwenye kazi ya kitu badala ya mapambo yake, inatupa njia ya kufika hapo. Mwongozo huu unaeleza fotei moja kuanzia mazungumzo na mteja hadi kuikabidhi. Ukiielewa hiyo, meza na kabati utazibuni mwenyewe.

Tunajifunza kwa nani

Mwaka 1859 kampuni ya Thonet kule Austria ilitoa kiti chake namba 14. Kilikuwa na vipande sita vya mbao iliyopindwa kwa mvuke, skrubu kumi na nati mbili. Viti 36 vilivyofunguliwa viliingia katika sanduku la mita moja ya ujazo, vikasafirishwa kwa meli na kufungwa tena huko vilikofika. Uzuri wake ulitokana na usafiri. Kwa mtu wa Goma sioni somo kubwa kuliko hilo.

Gerrit Rietveld alikuwa mtoto wa seremala wa Utrecht, Uholanzi, na mwenyewe alikuwa seremala. Kiti chake cha 1918, kile kilichokuja kupakwa nyekundu na buluu, ni vipande vilivyonyooka tu, vya vipimo vinavyojirudia, ambavyo fundi yeyote mwenye msumeno anaweza kuvikata. Mwaka 1934 aliunda viti vya mbao za masanduku ya mizigo. Sisi tulio katika mji uliojaa palete tuna sababu ya kumsikiliza.

Shule ya Bauhaus, aliyoianzisha Walter Gropius mjini Weimar mwaka 1919 na ambayo ilifungwa mwaka 1933, iliwafundisha wabunifu ndani ya karakana, mikono yao ikishika mbao, chuma na nyuzi. Na kuanzia miaka ya 1950, Pierre Jeanneret, msanifu majengo kutoka Uswisi, alipokuwa Chandigarh, India, samani za mji ule mpya ziliundwa kwa msaji na henzirani na mafundi wa hapo hapo. Ninakitaja kisa hicho kwa sababu wengi wanadhani samani za kisasa ni lazima zitoke kiwandani Ulaya. Zile za Chandigarh zilitoka katika karakana ambazo hazikuwa tofauti sana na zetu.

Kutoka kwao ninachukua mambo manne. Kazi ya kitu itangulie umbo lake. Mbao ionekane kuwa mbao, na chuma kionekane kuwa chuma. Kiungo kisifichwe, kwa sababu kiungo kizuri ndicho pambo. Na vipimo vijirudie: ukitumia unene mmoja wa mbao kwa karibu kila kipande, unapunguza kosa, unapunguza taka, na samani yenyewe inatulia machoni. Kuchonga si kosa. Ninachosema ni kwamba siku mbili unazotumia kuchonga maua zingeweza kutumika kwenye viungo, na mteja atavihitaji viungo hivyo kwa miaka ishirini.

Hatua ya 1: Ongea na mteja, kisha pima chumba

Usianze na picha ya kwenye simu. Mteja akikuonyesha picha, ipokee kwa heshima, kisha uliza: "Mama, kwenye saloni hii nani anakaa muda mrefu zaidi, na anakaa akifanya nini?" Majibu ndiyo yatakayokupa umbo. Papa anasikiliza redio jioni. Watoto wanaandika kazi ya shule juu ya meza ya katikati. Bibi akija hawezi kuinuka kwenye kiti cha chini. Jumapili kuna watu kumi. Pengine nyumba hii haihitaji fotei sita. Inahitaji mbili nzuri, benchi moja refu na vigoda vinavyopandana. Kigoda cha Alvar Aalto, mbunifu wa Finland, cha mwaka 1933 kina miguu mitatu, na hivyo kinapandana kimoja juu ya kingine bila kuchukua nafasi. Miguu mitatu pia haiyumbi kamwe kwenye sakafu isiyo sawa, na nyumba nyingi za Goma zimejengwa juu ya lava ambayo haijawahi kuwa sawa.

Pima chumba, mlango, kona ya korido na njia ya kuingilia parseli. Acha sentimita 60 za kupita, na sentimita 40 hadi 45 kati ya fotei na meza ya katikati. Kisha mpime mtu mwenyewe: kutoka sakafuni hadi nyuma ya goti akiwa amekaa, na kutoka mgongoni hadi nyuma ya goti. Hivi ndivyo vipimo ninavyoanzia navyo kabla ya kurekebisha kwa ajili ya mtu:

- Kiti cha mezani: kikalio kwenye sentimita 43 hadi 45, kina cha 40 hadi 43.
- Meza ya kulia: sentimita 72 hadi 75, na kati ya kikalio na uso wa meza pabaki 27 hadi 30.
- Fotei: kikalio mbele kwenye sentimita 40, kikiinamia nyuma, kina cha 46 hadi 50 mbele ya mto wa mgongo.
- Mkono wa fotei: sentimita 18 hadi 20 juu ya kikalio.

Kwa mzee, pandisha kikalio hadi 44 na punguza mwinamo. Fotei ya chini sana ni adhabu kwa magoti.

Hatua ya 2: Chora kwa ukubwa wake halisi

Hapa ndipo wengi wanaruka, na hapa ndipo fotei nzuri inapopatikana. Chukua karatasi ya triplex (plaiwudi), au sakafu iliyofagiwa vizuri na chaki, uchore ubavu wa fotei kwa ukubwa wake kamili. Usichore kidogo halafu ukazidisha. Jicho linadanganywa na mchoro mdogo, na mwili hauwezi kuujaribu.

Chora mstari wa sakafu. Weka mguu wa mbele na wa nyuma, upana wa sentimita 6 kila mmoja, na kutoka ukingo wa nje hadi ukingo wa nje iwe sentimita 74. Juu yao weka mkono wenye unene wa 3 na urefu wa 76, uso wake wa juu ukiwa kwenye sentimita 58. Ubavuni, kati ya miguu miwili, weka upau ulio kati ya sentimita 14 na 22 kutoka sakafuni.

Sasa pau tatu zinazokingama kutoka ubavu mmoja hadi mwingine, kila moja ikiwa na unene wa 3 na kimo cha 8. Wa kwanza uko kwenye mguu wa mbele, ukingo wake wa juu kwenye sentimita 29. Wa pili unashikwa na upau wa ubavu, kiini chake kikiwa sentimita 55 kutoka mbele, ukingo wa juu kwenye 22. Tofauti hiyo ya sentimita 7 ndiyo inayokiinamisha kikalio kuelekea nyuma karibu digrii 8. Wa tatu uko juu, kwenye mguu wa nyuma, kati ya sentimita 46 na 54. Huo ndio unaobeba mgongo.

Chora mstari wa kikalio juu ya pau mbili za chini, kisha mstari wa mgongo ukitoka nyuma ya kikalio na kugusa upau wa juu. Pembe kati ya kikalio na mgongo iwe karibu digrii 105. Ikiwa mstari haugusi upau, sogeza mahali mgongo unapokanyaga kikalio mpaka uguse. Usisogeze mguu.

Funga vipande vya mbao chakavu kwa kamba na misumari kufuata mchoro huo, weka mto, kaa. Mwite mteja naye akae. Mwache akae robo saa akiongea nawe, kwa sababu dakika moja haitoshi mwili kulalamika. Anachosema, kiandike juu ya triplex yenyewe, halafu rekebisha mstari.

Hatua ya 3: Mbao

Kwenye maghala ya mbao ya Goma utapata mkalitusi wa mashamba ya jirani, grivelia, na mbao za msituni kutoka upande wa Beni na Ituri kama libuyu na muvula. Libuyu inakubali randa na inatoa rangi nyekundu tulivu ambayo haihitaji kupakwa chochote zaidi ya mafuta. Muvula ni imara na inastahimili wadudu, lakini vumbi lake linawasha pua na ngozi, kwa hiyo funga kitambaa puani. Mkalitusi ni wa bei ndogo na wenye nguvu sana, ila una hasira: unapinda, unapasuka ncha, na ukikatwa mbichi hautakusamehe. Kwa fotei hii napendelea libuyu kwa mikono na miguu, na mkalitusi mkavu kwa papi (vipande vyembamba vya mbao) zisizoonekana. Uliza mbao imetoka wapi. Miti ya Hifadhi ya Virunga inalindwa na sheria, na fundi anayejiheshimu haichukui hata akipewa kwa nusu bei.

Palete nazo ni mbao. Tafuta muhuri uliochomwa: herufi HT zina maana kwamba ilitibiwa kwa joto, na hiyo inafaa. Herufi MB zina maana kwamba ilipuliziwa sumu ya methili bromidi. Hiyo iache, na usiichome hata jikoni.

Shida kubwa kuliko zote ni unyevu. Mbao nyingi zinazouzwa mjini bado ni mbichi, na mbao mbichi ikiingia kwenye samani itaendelea kunywea ndani ya nyumba ya mteja. Kanuni ya zamani ya mafundi ni karibu mwaka mmoja wa kukauka hewani kwa kila sentimita 2.5 za unene. Najua mteja hasubiri mwaka. Ndiyo maana fundi mwenye malengo hununua mbao kabla hajapata mteja. Zipange chini ya paa, juu ya matofali, ukiweka papi nyembamba kati ya tabaka na tabaka, papi za tabaka zote zikiwa katika mstari mmoja wa wima. Ncha zipake rangi ya mafuta ili maji yasitokee huko haraka na kupasua mbao. Weka mawe ya lava juu kama uzito. Hayo hatukosi.

Utajuaje kuwa imekauka bila kifaa cha kupimia unyevu? Chukua kipande kimoja cha katikati ya rundo, kipime kwenye mizani ya dukani, andika uzito juu yake kwa penseli. Rudia kila wiki. Uzito ukiacha kushuka, mbao imelingana na hewa ya hapa. Baada ya hapo ilete ndani ya karakana ikae wiki mbili kabla ya kuikata.

Kumbuka pia kwamba mbao haiongezeki wala kupungua kwa urefu kiasi cha kukusumbua. Inapanuka na kusinyaa kwa upana, ikikingama nyuzi zake. Uso wa meza wa sentimita 80 unaweza kutofautiana milimita kadhaa kati ya msimu wa mvua na kiangazi. Ukiufunga kwa misumari pande zote, utapasuka. Ufunge kwa visi zinazopita katika matundu marefu, ili mbao ipate pa kwenda.

Hatua ya 4: Kata

Kwa fotei moja, baada ya kupiga randa, vipimo vyote kwa sentimita:

- Miguu 4: 3 × 6 × 60
- Pau za ubavu 2: 3 × 8 × 70, ukihesabu ndimi za sentimita 4 kila ncha
- Mikono 2: 3 × 8 × 76
- Pau za kukingama 3: 3 × 8 × 56
- Mihimili ya kikalio 2 na ya mgongo 2: 3 × 4 × 60
- Papi 13: 2 × 6 × 55.5
- Vibao vya kuzuia 3: 3 × 3 × 55

Kata vipande vinavyofanana kwa pamoja. Weka kizuizi kwenye meza ya kukatia ili metre isitumike mara nne kwa miguu minne, kwa sababu kila ukipima upya unafungua mlango wa milimita moja. Uso mzuri wa kila kipande uwekee alama, na vipimo vyote uvitoe kwenye uso huo.

Hatua ya 5: Viungo vya ubavu

Kila ubavu ni fremu moja isiyofunguka: miguu miwili, upau na mkono. Hapa tumia ulimi na tundu, tenoni na mortezi kama tunavyosema karakanani. Unene wa ulimi ni theluthi ya unene wa mbao, yaani sentimita 1 kwa mbao ya 3. Chimba tundu kwanza, kwa kutoboa matundu madogo yaliyofuatana kisha kusafisha kwa patasi, halafu ndipo ukate ulimi uendane nalo. Ni rahisi kupunguza ulimi kuliko kurudisha mbao ndani ya tundu. Ulimi uingie kwa kusukumwa na mkono na kumaliziwa na nyundo ya mbao. Ukiingia kwa kupigwa sana utapasua mguu. Ukiingia wenyewe, kole (gundi) haitauokoa.

Ncha ya juu ya mguu ipite ndani ya mkono mpaka itokeze juu. Pasua ncha hiyo kwa msumeno kabla ya kuunganisha, na ikishaingia, pigilia kabari nyembamba ya mbao yenye rangi tofauti kidogo. Kabari ikae ikikingama nyuzi za mkono. Ikifuata nyuzi itaupasua. Baadaye sawazisha kwa randa. Mraba ule mdogo utakaoonekana juu ya mkono ndio utakaoulizwa na kila mgeni.

Mguu wa nyuma unastahili uangalifu zaidi ya wa mbele. Mtu akikaa na kuegemea, nguvu kubwa inashukia nyuma. Jean Prouvé, mhunzi na mbunifu wa Ufaransa, alilionyesha jambo hilo wazi katika kiti chake cha mwaka 1934: miguu ya mbele ni bomba jembamba, ya nyuma ni minene na mipana. Kwa hiyo kiungo cha nyuma usikiachie hata upenyo wa karatasi, na usichague kwa mguu huo mbao yenye fundo.

Paka kole nyeupe, unganisha, kaza. Kama huna vibano virefu, zungusha kamba kwenye fremu nzima, ingiza kijiti na usokote mpaka viungo vifunge. Kisha pima mikingamo miwili, kutoka kona hadi kona. Ikilingana, fremu iko mraba. Isipolingana, sogeza kamba kabla kole haijashika. Acha usiku mzima.

Hatua ya 6: Buloni sita

Mbavu mbili zinaunganishwa na pau tatu kwa buloni (bolti) sita, moja kila ncha, na hapo ndipo fotei inapata haki ya kuitwa inayofunguka. Tumia buloni za milimita 8 zenye urefu wa sentimita 10, zote sita za saizi moja ili ufunguo uwe mmoja.

Toboa tundu kupitia ubavu hadi ndani ya ncha ya upau, vikiwa vimebanwa pamoja mahali pake. Ukitoboa kimoja kimoja havitakutana. Upande wa ndani wa upau, sentimita 5 kutoka ncha, chimba kwa patasi mfuko mdogo wa urefu wa sentimita 3 unaolifikia tundu. Humo weka rondeli, yaani kipete bapa cha chuma, na ekru, yaani nati. Buloni inaingia kutoka nje, inakutana na ekru ndani ya mfuko, unakaza. Rondeli ni ya lazima pande zote mbili. Bila hiyo chuma kitakula mbao kidogo kidogo mpaka kiungo kilegee.

Buloni peke yake inauacha upau uzunguke. Sentimita 2.5 juu yake ongeza kijiti cha mbao ngumu chenye kipenyo cha sentimita 1, kiwe na kole upande wa upau tu, na upande wa ubavu kiingie na kutoka bila kole.

Kila kiungo kiwekee namba kwa ncha ya patasi, mahali pasipoonekana: mstari mmoja kwa mmoja, miwili kwa miwili. Vipande vinafanana machoni lakini havibadilishani.

Hatua ya 7: Kikalio na mgongo

Kikalio ni mihimili miwili na papi saba juu yake, zikiachana sentimita 3. Kinakaa tu juu ya pau, hakifungwi. Chini yake funga vibao viwili vya kuzuia, kimoja mbele ya upau wa nyuma na kingine nyuma yake, ili viukumbatie na kikalio kisiteleze mbele wala nyuma. Kibao cha tatu kinafungwa juu ya kikalio, mbele ya mahali mgongo unapokanyaga. Mtu akiegemea, sehemu ya chini ya mgongo inataka kuteleza mbele, na kibao hicho kinaikatalia. Mahali pake hasa utapata kwenye mchoro wako mkubwa.

Mgongo una papi sita. Unasimama juu ya kikalio na kuegemea upau wa juu. Kutandua fotei nzima basi ni hivi: inua mgongo, inua kikalio, fungua buloni sita. Kinachobaki ni mbavu mbili bapa, pau tatu na vitanda viwili vya papi, ambavyo mtoto wa miaka kumi na mbili anaweza kubeba kimoja kimoja.

Piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 180, daima kwa kufuata nyuzi. Kingo zote ziguse kidogo kwa randa ndogo ili zisiume mkono. Usizifanye mviringo.

Hatua ya 8: Mafuta, au verni

Verni inayong'aa inaonekana vizuri dukani, lakini ikikwaruzwa ni lazima uanze upya. Mimi ninatumia mafuta ya kitani na nta ya nyuki. Yeyusha nta sehemu moja ndani ya mafuta sehemu tatu au nne, chombo kikiwa ndani ya sufuria ya maji ya moto, kamwe si juu ya mbabula moja kwa moja. Paka mafuta matupu kwanza, subiri nusu saa, futa yote yaliyobaki juu. Rudia baada ya siku moja au mbili. Mwisho pakaa mchanganyiko wa nta na usugue kwa kitambaa. Mwenye fotei ataweza kuifanya upya mwenyewe kila mwaka.

Jambo hili lisome mara mbili: matambara yenye mafuta ya kitani yakikunjwa na kutupwa pembeni yanaweza kujiwasha yenyewe. Mafuta hayo yakikauka yanatoa joto, na joto likikosa pa kutokea linakuwa moto. Katika mitaa yetu ya nyumba za mbao zilizobanana, karakana moja inaweza kuunguza avenyu nzima. Yatandaze nje yakauke yakiwa bapa, au yaloweke kwenye ndoo ya maji.

Hatua ya 9: Musi na kitambaa

Musi nyepesi inalala baada ya miezi michache, na mteja atasema fotei imeharibika. Omba yenye uzito wa kilo 30 kwa mita ya ujazo au zaidi kwa kikalio, unene wa sentimita 10. Kwa mgongo, sentimita 6 hadi 8 za musi laini zaidi zinatosha. Ishonee kwanza kitambaa kigumu cha kawaida, kisha foronya yenye zipu inayovuliwa na kufuliwa. Hapa ndipo rangi inapopata nafasi yake. Mbao imekaa kimya, kwa hiyo kitenge kinaweza kuzungumza, na mama mwenye nyumba anaweza kukibadilisha kila Krismasi bila kumwita fundi.

Ukipenda chuma

Marcel Breuer alianza kupinda mabomba ya chuma kwa ajili ya viti mwaka 1925, akiwa Bauhaus, na inajulikana kwamba wazo lilitoka kwenye usukani wa baiskeli yake. Goma ina mafundi wengi wa kuchomelea. Ubavu wa fotei hii unaweza kuwa bomba la mraba la milimita 25 au 30, na pau, papi na mikono zikabaki za mbao. Buloni zinabaki zile zile sita. Ziba ncha za mabomba, saga sehemu zilizochomelewa, paka rangi ya kuzuia kutu kabla ya rangi ya juu, na weka vipande vya mpira chini ya miguu. Kwa benchi za shule na za kanisani naona chuma na mbao ndiyo njia bora.

Ukihamia kwenye rafu

Neno moja tu kwa watakaounda etajeri ya vitabu. Ubao wa unene wa sentimita 2 usivuke sentimita 70 hadi 80 bila kushikwa. Ukiongeza unene mara mbili, kupinda kunapungua mara nane. Kwa hiyo kabla ya kununua mbao pana zaidi, fikiria kuongeza unene, au kusimamisha ubao wa wima katikati.

Bei na kukabidhi

Andika hesabu na umwonyeshe mteja: mbao, buloni, musi, kitambaa, siku za kazi, usafiri. Avansi ifikie angalau gharama ya vifaa vyote, ili usije ukakata mbao ya mtu mmoja kwa fedha ya mwingine. Usipunguze bei kwa sababu fotei "haina maua". Mweleze kilicho ndani ya viungo, mtandulie fotei mbele yake, mfungie tena, mwache naye afungue buloni moja kwa mkono wake. Mteja akishafanya hivyo huwa haulizi tena maua yako wapi.

Mkabidhi pia ufunguo, buloni mbili na rondeli nne za akiba ndani ya kifuko, vikifungwa chini ya kikalio. Mwambie akaze zote sita baada ya kiangazi cha kwanza, kwa kuwa kati ya Juni na Agosti mbao hunywea na buloni hulegea. Iwapo moja inalegea kila mara, akague rondeli yake kwanza. Mara nyingi imezama ndani ya mbao, na rondeli pana zaidi inamaliza shida hiyo.